Awamu ya kwanza au ya pili? Soma kabla hujasaini fomu ya utafiti wa dawa

Ukikaa Moshi muda wa kutosha kuna siku utaulizwa, wewe au mtu wa kwenu, kama uko tayari kuingia kwenye utafiti wa dawa. Mji wenyewe ndo ulivyo. Hospitali ya rufaa ya KCMC ipo toka 1971, hapo hapo kuna taasisi ya utafiti ya KCRI, halafu ukishika njia ya Bomang'ombe kwenda Sanya Juu unaikuta hospitali ya Kibong'oto ambayo inahangaika na kifua kikuu toka enzi za mkoloni, na watu wa Arusha nao rufaa nyingi zinawaleta huku huku. Kwa hiyo hii ishu sio ya watu wa mbali.

Shida ninayoiona mtaani ni kwamba watu wanazitia tafiti zote kapu moja. Kuna wale wa "wanatufanya panya" wanaokimbia kila kitu, na kuna wale wa "pale unatibiwa bure na nauli juu" wanaokimbilia kila kitu. Mimi naona wote wanaruka hatua moja, hawaulizi hii ni awamu ya ngapi. Maana awamu ya kwanza na awamu ya pili hazifanani hata kidogo, anayetakiwa sio yule yule, hatari sio ile ile, na faida unayoweza kuitegemea sio ile ile. Ukijua tofauti hiyo uamuzi unakuwa mwepesi sana, hata kabla hujaisoma ile fomu yenye kurasa kibao.

Kila moja inauliza nini

Awamu ya kwanza inauliza: mwili wa binadamu unaivumilia hii dawa, mpaka dozi gani, na inakaa mwilini muda gani kabla haijatoka? Basi. Haiulizi kama inaponya. Watu wanaoingia ni wachache, kwa kawaida kati ya 20 na 100, na mara nyingi ni watu wazima kabisa wasio na ugonjwa wowote.

Awamu ya pili inauliza: kwa mtu mwenye ugonjwa wenyewe, inafanya kitu? Na dozi ipi ndo inafaa? Hapa wanaingia wagonjwa, kuanzia makumi mpaka mamia kadhaa.

Awamu ya tatu sitaiongelea sana leo, ni ile kubwa ya mamia hadi maelfu ambapo dawa mpya inashindanishwa na tiba iliyopo ili kuthibitisha. Chanjo ya malaria ya RTS,S kwa mfano iliingiza watoto 15,459 kwenye vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na hapa kwetu ilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Ukiitwa kwenye awamu ya tatu ujue wengi wameshakutangulia.

Awamu ya kwanza ukiwa mzima

Chukua kijana wa boda pale Mbuyuni, miaka 25, hana presha hana sukari, anaambiwa kuna utafiti wanatafuta watu wenye afya. Anakuta nini?

Kabla yake dawa imeshapita kwa wanyama. Wanatafuta dozi kubwa kuliko zote ambayo haikumletea mnyama madhara, wanaipigia hesabu ya mwili wa binadamu, halafu kwa kawaida wanaigawa kwa 10 au zaidi, hiyo ndo dozi ya kwanza. Ni kama mtu anayevuka mto asioujua kina, anatanguliza mguu mmoja kwanza. Kikundi cha kwanza kinapewa dozi hiyo ndogo, mara nyingi mara moja tu, wengine kwenye kikundi wanapewa plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, na hakuna anayejua yeye kapewa kipi. Wakishaona damu, moyo, ini na figo viko sawa, kikundi kingine kinapanda dozi. Baadaye ndo wanakuja wale wa kunywa kila siku kwa wiki moja au mbili.

Siku yenyewe ya dozi unakaa ndani, saa ingine unalala hapo siku kadhaa. Unawekewa kasindano mkononi na damu inachukuliwa baada ya nusu saa, saa moja, mbili, nne, nane, mpaka kesho yake, kwa sababu wanachora jinsi dawa inavyopanda na kushuka kwenye damu. Chakula kwa saa. Pombe hamna, na hapa niseme wazi kwa watu wetu wa Kibosho, Marangu na Machame, mbege ni pombe, usije ukasema "mimi sinywi, nakunywaga mbege tu" halafu vipimo vya ini vikawachanganya watafiti. Na miti shamba pia useme, yote, hata ile ya bibi ya tumbo.

Hatari ikoje? Mara nyingi ni maudhi madogo madogo, kichwa, kichefuchefu, mkono kuvimba palipochomwa. Lakini "mara nyingi" sio "siku zote", na mtu anayekuambia hakuna hatari kabisa huyo muogope. Machi 2006 pale London, hospitali ya Northwick Park, vijana 6 wenye afya walipewa dawa inaitwa TGN1412, dozi ikiwa moja ya mia tano ya ile iliyoonekana salama kwa wanyama, na wote sita wakaishia ICU viungo vikifeli. Walipona kufa, ila sio bila majeraha. Kosa moja lililosemwa sana ni kwamba walichomwa wakifuatana kwa dakika chache tu, kwa hiyo wa kwanza alipoanza kuumwa wa mwisho alikuwa ameshapata yake. Januari 2016 kule Rennes, Ufaransa, dawa nyingine ikaua mtu mmoja na kulaza wenzake. Hayo ni matukio adimu mno ukilinganisha na tafiti zinazofanyika, ila ndo yamebadilisha utaratibu. Leo dawa inayoingia kwa binadamu mara ya kwanza inatakiwa kutanguliza mtu mmoja au wawili, wasubiri, ndo wengine wafuate. Kwa hiyo ukiitwa uliza hivi: "Dokta, kwenye kikundi changu tunapewa wote siku moja?" Jibu lake litakuonyesha umakini wao.

Kuna hasara nyingine ambayo haiko kwenye mwili hata. Dar es Salaam ilifanyika awamu ya kwanza na ya pili pamoja ya chanjo ya majaribio ya VVU, watu 60 wenye afya, wakiwemo polisi. Chanjo ilifanya mwili utengeneze kingamwili, ndo ilivyotakiwa, lakini vipimo vya kawaida vya VVU vinatafuta hizo hizo kingamwili, kwa hiyo mtu hana kirusi hata kimoja ila akipima mahali pengine anaonekana anao. Fikiria hiyo mbele ya mchumba, au kwenye usaili wa kazi. Wanapewa utaratibu wa kupimwa kwa njia nyingine, sawa, ila ni kitu unabeba baada ya utafiti kuisha na lazima ukijue kabla.

Na faida? Kutoka kwenye dawa yenyewe, sifuri. Huumwi, kwa hiyo hakuna cha kuponya. Unapata vipimo, unafidiwa muda, na unasaidia dawa isogee. Hivyo tu. Kama hiyo inakutosha ni uamuzi wa heshima kabisa, karibu kila dawa unayomeza leo kuna mtu asiyeumwa aliimeza kwanza. Kama haikutoshi usiende.

Awamu ya kwanza ukiwa mgonjwa, hapo ni habari nyingine

Saratani haifuati ule mpangilio wa kuanza na watu wasioumwa. Dawa nyingi za saratani zina sumu, huwezi kumpa mtu asiyeumwa, kwa hiyo toka awamu ya kwanza wanaingia wagonjwa, na mara nyingi ni wale ambao tiba za kawaida zimegoma. Mpango wa zamani unaotumika sana ni wa watatu watatu: watatu wanapewa dozi, kama hakuna aliyepata madhara makubwa wanapanda, akipata mmoja wanaongeza wengine watatu dozi hiyo hiyo, wakipata wawili au zaidi hapo wamefika ukingoni na dozi ya chini yake ndo inayobaki.

Hebu ona maana yake kwako mgonjwa. Ukiingia mwanzoni unapata dozi ndogo ambayo pengine haitafanya kitu. Ukiingia mwishoni unapata dozi yenye nguvu ila ndo hapo madhara yanapotafutwa. Huchagui. Uchambuzi wa tafiti za awamu ya kwanza za saratani zilizofanywa chini ya taasisi ya saratani ya Marekani kati ya 1991 na 2002 ulikuta uvimbe ulipungua au kuisha kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10, na takriban 1 kati ya 200 alikufa kwa sababu ya dawa.

Halafu kuna bahati kama ya imatinib, dawa ya aina moja ya saratani ya damu. Awamu ya kwanza ilianza 1998, kati ya wagonjwa 54 waliopata miligramu 300 au zaidi kwa siku damu ya 53 ikarudi sawa, na Mei 2001 dawa ikawa imeshapitishwa Marekani. Watu wanaipenda hii stori na wanaisimulia kama vile ndo kawaida. Sio kawaida. Ni ile moja ambayo kila mtu anaikumbuka kwa sababu nyingine hazikufanya hivyo.

Awamu ya pili, na hapa ndo wengi wetu tutaitwa

Huku kwetu kinachoitisha watu sana ni TB, na sio ajabu, tuna Kibong'oto, tuna wachimbaji wa Mererani wanaovuta vumbi la mawe siku nzima na mapafu yao yanakuwa mlango wazi wa kifua kikuu. Kwa hiyo nitumie TB kueleza.

Tiba ya kawaida unaijua, miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne na minne ya mwisho dawa mbili, bure. Mle ndani kuna rifampisini, ambayo dozi yake ya miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili ilipangwa miaka ya 1970 hivi, na sababu mojawapo ilikuwa bei, dawa ilikuwa ghali, pamoja na hofu ya madhara. Yaani hakuna aliyekuwa amepanda mpaka juu akaona ukingo uko wapi. Watafiti wakarudi nyuma wakaanza upya. Kule Afrika Kusini wakapandisha kidogo kidogo kwa wagonjwa kwa wiki mbili mpaka miligramu 35 kwa kilo, watu wakavumilia. Halafu ukaja utafiti wa awamu ya pili uliofanyika Afrika Kusini na Tanzania, wagonjwa 365, makundi matano. Kundi moja, kubwa kuliko mengine, lilipata tiba ya kawaida. Moja likapata rifampisini ya 35. Mengine yakapata michanganyiko mingine, mawili kati yake yakiwa na dawa mpya inaitwa SQ109.

Angalia kilichotokea maana ndo awamu ya pili yenyewe hiyo. Kati kati ya utafiti wakafungua hesabu kama walivyopanga, wakaona makundi ya SQ109 hayaelekei kuishinda tiba ya kawaida, wakaacha kuingiza watu wapya humo. Kundi la rifampisini ya 35 likaonyesha makohozi yanakuwa safi haraka zaidi kwa kipimo cha kuotesha vimelea vya TB kwenye maji maji, siku 48 dhidi ya 62 kwa mgonjwa wa kati. Kwa kipimo kingine, cha kuotesha kwenye sahani, tofauti haikuwa wazi hivyo.

Sasa wewe mgonjwa ulikuwa humo. Ulipangwa na kompyuta kwa bahati nasibu, hukuchagua kundi. Ungeweza kuwa kwenye la kawaida ukapata dawa zile zile za kliniki ya Pasua au Levolosi ila kwa kuangaliwa zaidi, ungeweza kuwa kwenye lile la 35, au ungeweza kuwa kwenye SQ109 iliyokuja kuachwa. Ndo maana swali la kwanza la kuuliza awamu ya pili ni hili: "Nikiangukia kundi la kulinganishia napewa nini?" Ukisikia tiba kamili ya kawaida, sawa, hujapoteza kitu cha msingi. Ukisikia plasibo peke yake kwa ugonjwa ambao una tiba inayojulikana, inuka. Plasibo juu ya tiba ya kawaida ni jambo lingine na halina shida, watu huwa wanachanganya hivyo viwili.

Usumbufu wake haufanani na ule wa kulala ndani siku tano. Awamu ya pili ni safari. Makohozi kila wiki, damu, kipimo cha moyo, miezi. Mtu wa Ngaramtoni au Usa River anayetakiwa kufika upande wa Kilimanjaro kila wiki akiwa bado anakohoa na amepungua kilo, hiyo ni kazi, hata nauli ikirudishwa. Nauli inarudi ila siku hairudi, na bosi wako pale Kilombero sokoni hajui utafiti ni nini. Kama mnafikiria mama au baba wa nyumbani aingie, pangeni kabisa nani anamsindikiza, msije mkamwachia dada wa kazi.

Matokeo mazuri ya awamu ya pili sio kibali

Hapa watu wanadanganyika, wakiwemo wasomi. Wanasikia redioni "dawa mpya imeonyesha matokeo mazuri" wanadhani mwezi ujao iko duka la dawa pale Double Road.

Kuna kipindi moksifloksasini, dawa ya kuua bakteria, ilionekana kwenye awamu ya pili inasafisha makohozi haraka, kila mtu akaona TB ya miezi minne hiyo inakuja. Wakafanya awamu ya tatu, wagonjwa 1,931, Tanzania ikiwemo, matokeo yakatoka 2014. Makohozi kweli yalisafishika haraka. Lakini walipoachishwa dawa mwezi wa nne ugonjwa uliwarudia wengi kuliko wale wa miezi sita, ikashindwa. Na ile rifampisini ya juu hadithi yake haijaisha, utafiti mkubwa uliofuata wa miezi minne kwa miligramu 1,200 na 1,800 kwa siku nao haukufikia kiwango, na ukienda kliniki leo dozi ni ile ile ya 10 kwa kilo.

Kwa hesabu za dunia za 2011 hadi 2020, dawa 100 zikiingia awamu ya kwanza karibu nusu zinavuka kwenda ya pili. Ya pili ndo kichinjio, pale ni chini ya tatu kati ya kumi zinazopita. Zinazofika kibali mwisho wa safari ni kama 8. Kwa hiyo anayekushawishi kwa kusema "utakuwa wa kwanza kupata dawa mpya" mwambie pia utakuwa wa kwanza kupata dawa ambayo pengine haitakuwepo.

Dawa ikimaliza awamu ya tatu vizuri mwenye dawa anakusanya faili lote, za wanyama, za binadamu, na namna kiwanda kinavyoitengeneza, anapeleka kwa mamlaka. Marekani wanajipa kama miezi 10 kwa faili la kawaida na 6 kwa la haraka. Kwetu ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, zamani TFDA mpaka 2019, ambayo mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia kiwango cha tatu cha Shirika la Afya Duniani cha usimamizi wa dawa. Ofisi ya kanda ya kaskazini iko Arusha. Na mpango wa kuoanisha usajili wa dawa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulizinduliwa Arusha hapo hapo 2012, ili faili moja lisisomwe upya kutoka sifuri kwenye kila nchi.

Njia ya mkato ipo ila ina gharama. Bedakwilini, dawa ya TB sugu, yaani ile isiyosikia dawa za kawaida, ilipitishwa Marekani Desemba 2012 kwa ushahidi wa awamu ya pili tu, kwa sababu wagonjwa wa TB sugu walikuwa wanachomwa sindano miezi na miezi, wengine wanabaki viziwi, na hakukuwa na muda wa kungoja. Kwenye utafiti wenyewe waliopewa dawa walikufa 10 kati ya 79, waliopewa plasibo juu ya tiba ya kawaida walikufa 2 kati ya 81. Wakaipitisha na onyo kubwa kwenye maelezo ya dawa. Miaka iliyofuata wagonjwa wengi wakatumia, hofu ile haikuthibitika, na Shirika la Afya Duniani likaipandisha kundi la kwanza la dawa za TB sugu. Leo kuna tiba ya miezi sita ya vidonge vitupu na bedakwilini ndo nguzo yake. Walioingia mapema walifaidika? Wengi, ndio. Walijua hivyo siku wanasaini? Hapana, hakuna aliyejua.

Sasa uchague ipi

Nikiwa mkweli kwa yule kijana wa boda: kama kinachokuvuta ni hela, kaa nje. Fidia inapangwa kwa makusudi isiwe chambo, kamati za maadili zinaiangalia hiyo, kwa hiyo hela yenyewe sio ya kubadilisha maisha na kuna siku utalala ndani boda imepaki. Na wale wanaoingia tafiti mbili kwa kuficha, hao wanacheza na ini lao, dawa mbili zisizojulikana zinakutana mwilini na hakuna daktari anayejua. Kama huna haraka ya hela, una muda, huna mpango wa kuzaa miezi hiyo (watakudai uzazi wa mpango, wanaume pia saa ingine), na moyo wako unataka, awamu ya kwanza inaweza kukufaa, ila uliza kama ni mara ya kwanza kabisa kwa binadamu au imeshapita vikundi kadhaa. Mimi ningependelea kikundi cha pili au cha tatu, sio cha kwanza kabisa wala kile cha juu mwisho. Huwezi kuchagua mara nyingi, ila unaweza kukataa ukiambiwa uko wapi.

Mgonjwa wa TB ya kawaida ambaye dawa za bure zinamfanyia kazi: awamu ya pili ni sawa ukihakikisha kundi la kulinganishia linapata tiba kamili na safari unaziweza. Usipoingia hupotezi kitu, tiba ya miezi sita inaponya ukimaliza dozi. Hapa mizani naiona iko sawa kwa sawa, umbali wa nyumbani ndo unaamua.

TB sugu, au ugonjwa ambao tiba iliyopo ni kali au haitoshi, hapo naegemea kuingia awamu ya pili, wazi wazi. Uangalizi unaopata peke yake una thamani, na lolote linalolinganishwa pale lina nafasi ya kukufaa zaidi kuliko kungoja.

Saratani iliyogoma tiba, awamu ya kwanza: hii siwezi kumwamulia mtu. Ningeomba tu familia isimsukume. Kuna baba anataka kujaribu mpaka mwisho na kuna baba anataka arudi kwake Rombo akae na wajukuu, na wote wana haki, ila mara nyingi ukiona wanaoongea na daktari ni watoto na yeye amekaa kimya pembeni, simamisheni kwanza.

Kusubiri nako ni chaguo, watu wanasahau. Kungoja dawa ipitishwe maana yake unapata kitu ambacho maelfu wamekijaribu, unajua madhara yake, ila inaweza kuchukua miaka kumi na inaweza isije kabisa.

Vitu vya kudai kabla ya kalamu

Vibali viwili viwepo, cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha TMDA, namba zake ziko kwenye makaratasi yao, omba uzione. Fomu iwe ya Kiswahili na nakala yako ubaki nayo nyumbani, na kama mama hasomi basi shahidi wake awe mtu wake yeye, sio mfanyakazi wa utafiti. Bima ya washiriki lazima iwepo, uliza ukiumia nani analipa na mpaka lini, na namba ya simu inayopokelewa usiku, kaipige usiku mmoja uone kama kweli inapokelewa. Uliza pia nani anasimamia usalama kutoka nje ya timu, kwa tafiti nyingi kuna kamati huru inayoruhusiwa kusimamisha kila kitu.

Na unaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu na kliniki yako ya kawaida haitakiwi kukubagua. Ila ukitoka usipotee tu kimya kimya, waambie, kwa sababu dawa zingine zinatakiwa ziachwe taratibu na wao wanahitaji kukupima mara ya mwisho. Swali ambalo karibu hakuna anayeuliza, na mimi ningeanza nalo kwa mgonjwa, ni hili: "Dokta, kama hii dawa ikinisaidia, utafiti ukiisha naendelea kuipata au inakatwa?" Jibu liwe limeandikwa kwenye fomu. Kama halimo, mwambie aliandike mbele yako, au rudi nayo nyumbani wiki nzima ukaifikirie, hakuna utafiti halali unaomlazimisha mtu kusaini siku ile ile.